Baridi, Poa na Ganda: Uhakiki wa Istilahi za Mapishi Baridi Wilayani Same

Kijitabu tunachokihakiki hapa ni chembamba, nacho kinafundisha namna ya kutengeneza nyumbani vinywaji vya kuburudisha, vitu vya barafu na vyakula vya kuliwa baridi. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na nakala zake zimekuwa zikipita mikononi mwa walimu wa sayansikimu na vikundi vya akina mama katika Wilaya ya Same, mjini kwenyewe na katika kata za milimani. Mfasiri hakuandika jina lake. Mchapishaji nasi hatutamtaja, kwa sababu hoja yetu haimhusu mtu wala duka la vitabu. Inahusu maneno, na makosa yaliyomo humu hayakuanza na kijitabu hiki.

Wako wasomaji wetu watakaouliza iwapo hapana istilahi nzito zaidi za kushughulikiwa, za sheria au za fizikia, hata tuzitoe kurasa hizi kwa aiskrimu na sharubati. Jibu letu ni hili. Istilahi ya sheria husomwa na mtu aliyeketi, mwenye kamusi karibu na muda wa kuuliza. Istilahi ya jikoni husomwa na mtu aliyesimama, mkono mmoja una mwiko na mwingine una maziwa aliyoyanunua kwa fedha zake, na neno likimpotosha hana pa kukata rufani: maziwa yameharibika, au wageni wamenyweshwa kitu ambacho dini yao imewakataza, au watoto wanaumwa tumbo. Yote matatu, kama tutakavyoonyesha, yanaweza kutokea kwa kufuata kijitabu hiki neno kwa neno.

Tuanze na neno lenyewe "baridi", ambalo mfasiri amelitumia kana kwamba maana yake ni moja kila mahali. Mji wa Same uko chini ya milima ya Upare Kusini, upande wa magharibi usiopata mvua nyingi, penye mibuyu, mikwaju na vumbi. Njia kuu ya Dar es Salaam na Arusha yapita hapo, na reli ya Tanga ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911 yapita hapo pia. Katika mji huo, hasa baina ya Januari na Machi, "baridi" ni neno la sifa. Mchuuzi anayekimbilia dirisha la basi na kutangaza maji ya baridi anatangaza ubora wa bidhaa yake. Lakini mtu akipanda hadi Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, akakaa huko mwezi wa Julai, atalisikia neno lile lile katika malalamiko na katika kuulizana habari za kikohozi. Mwalimu anayefundisha milimani kwamba "kinywaji kiachwe mezani hadi kiwe baridi" atapata kitu kimoja, na mwenzake wa mjini atapata kitu kingine kabisa. Wilaya ni moja, kijitabu ni kimoja, na neno ni moja.

Wananchi wenyewe wamekwisha kuunda mpango wao, nao yafaa tuusikilize kabla ya kuurekebisha. Mtu akiagiza soda au bia katika duka lolote la Same huulizwa, "Ya baridi au ya moto?" Hiyo "ya moto" haijakaribia jiko, ni ile tu ambayo haikutiwa jokofuni. Mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni hushangaa, na kwa hakika matumizi hayo yanaacha pengo, kwa kuwa chai ya moto na soda ya moto zinatofautiana kwa nyuzi zisizopungua hamsini. Hata hivyo ndani ya duka hakuna anayepotea, kwa sababu hapo kuna hali mbili tu. Kosa la mfasiri wetu ni kulichukua neno la dukani na kulitia katika fomula ya mapishi. Ameandika, katika utengenezaji wa kinywaji cha machungwa, "tumia maji ya moto, si ya baridi", na tulipolinganisha na mantiki ya maelezo yanayofuata tuliona kwamba alikusudia maji ya kawaida, yasiyotoka jokofuni. Msomaji wa Hedaru au wa Makanya atachemsha. Neno la hali hiyo ya kati lipo, nalo ni "vuguvugu" kwa maji yaliyopashwa kidogo, ambalo waumini wengi wanalijua kutokana na kitabu cha Ufunuo; na kwa maji yasiyopashwa wala kutiwa baridi inatosha kusema "maji ya kawaida".

Jambo la pili ni zito zaidi. Sura ya kwanza ya kijitabu ina kichwa "Vinywaji Baridi". Katika lugha ya Serikali yetu, na hasa katika hotuba za bajeti na sheria za ushuru wa bidhaa, vinywaji baridi ni vile visivyo na kilevi: soda, maji ya matunda na vya namna hiyo. Maana hiyo haitegemei jokofu. Kreti ya soda iliyokaa juani kutwa nzima ingali ni kreti ya vinywaji baridi machoni mwa ofisa wa ushuru. Istilahi hiyo ina kasoro, lakini imekwisha kukita mizizi. Mfasiri amekusanya chini ya kichwa hicho vinywaji kumi na viwili, na vitatu kati yake vina pombe kali. Anayetazama orodha ya sura peke yake hawezi kujua.

Tukumbuke ni wapi kijitabu hiki kinasomwa. Waadventista wa Sabato walianza kazi yao katika nchi yetu huko huko Upare Kusini, mahali paitwapo Giti, mwaka 1903, na hadi leo wana waumini wengi katika milima hiyo. Wako pia Waislamu wengi. Kwa watu hao kutokunywa kileo ni amri, na mwenye nyumba anayewaandalia wageni wa harusi au wa ubatizo hawezi kufanya majaribio. Kichwa cha sura kinachoahidi vinywaji baridi ni ahadi, na ahadi hiyo imevunjwa katika ukurasa wa tatu wa sura hiyo hiyo bila onyo lolote.

Hapa ndipo linapokuja tatizo la kokteli. Mfasiri ameliepuka neno hilo kwa kuandika "kinywaji cha mchanganyiko", na maskini hakuona kwamba chai ya maziwa nayo ni kinywaji cha mchanganyiko. Wengine hupendelea kulikopa neno zima. Sisi hatuna chuki na maneno ya kukopa. Lugha isiyokopa haijauza wala kununua. Ila utaratibu unaojulikana wa kutafuta istilahi hutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende kwenye lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, ndipo tubishe hodi ng'ambo. Tukianza nyumbani tunakuta "mseto". Asili yake ni chakula, mchele na choroko zilizopikwa pamoja zikapondwa. Kutoka sufuriani neno hili limekwenda mbali: tuna serikali ya mseto, tuna kilimo mseto, ambacho wakulima wa kahawa na migomba wa Upare hawahitaji kuelezwa, na tangu mwaka 2006 tuna dawa mseto ya malaria. Katika matumizi hayo yote maana ni ile ile, vitu viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa makusudi na kwa kipimo, kila kimoja kikimsaidia mwenziwe. Maana hiyo ndiyo hasa ya kokteli.

Kwa hiyo tunapendekeza "sharubati mseto" kwa mchanganyiko usio na kilevi na "kileo mseto" kwa ule wenye kilevi. Faida ya mapendekezo haya ni kwamba neno la kwanza ndilo linalobeba onyo, na hakuna namna ya kuliandika jina la kinywaji bila kusema kama kinalevya. Isitoshe, Kiingereza chenyewe hulitumia jina la kokteli kwa matunda yaliyokatwakatwa na hata kwa kamba wa baharini wanaoliwa baridi kwa mchuzi, jambo ambalo lilimtatiza mfasiri wetu hata akaandika "kinywaji cha kamba". "Matunda mseto" na "kamba kwa mchuzi baridi" yangemwokoa.

Kuna mahali mfasiri ametaka kuwa Mwafrika kwelikweli, na hapo ndipo alipoteleza vibaya zaidi. Penye ramu ameandika "pombe ya miwa". Ni kweli ramu hutokana na miwa. Lakini mtu wa Upare akisoma "pombe ya miwa" hafikirii ramu, anafikiria dengelua. Dengelua huchachushwa tu, haikenekwi. Ni pombe ya kunywewa katika kibuyu au kata, nguvu yake ni ndogo na hubadilika kwa kadiri inavyolala. Ramu hukenekwa, na kiasi cha kilevi ndani yake hukaribia asilimia arobaini. Anayetia dengelua mahali pa ramu atapata uji wa ajabu usiomdhuru mtu. Anayefanya kinyume, yaani aliyezoea kwamba "pombe ya miwa" hupimwa kwa kata, akapewa chupa ya ramu na kijitabu hiki, huyo tunamhofia. Kiswahili kina njia za wazi za kutenganisha mambo haya: pombe kwa kinachochachushwa, pombe kali kwa kinachokenekwa, na kwa ramu neno "ramu" lenyewe, ambalo baa yoyote ya Moshi inalielewa. Aidha neno "mvinyo" litumiwe kwa uangalifu, maana katika pwani ya zamani lilihusu hata vikali, na leo linahusu zaidi kilevi cha zabibu.

Wala si kwamba tunalikataa neno la Kipare. Tungependa kuliona katika orodha zetu, kama tunavyofurahi kuona wataalamu wa umwagiliaji wakiandika "ndiva" kwa yale mabwawa madogo ya asili ya milimani bila kuomba radhi. Dengelua iitwe dengelua. Ni kule kuipa jina la kinywaji kingine ndiko tunakokupinga. (Maneno ya vileo huhama upesi. "Kiroba" kilikuwa kifuko cha nafaka, kikawa kifuko cha pombe kali, na tangu pombe za vifuko zilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi, 2017, mwalimu wa hesabu anayetaja viroba vya mahindi darasani bado hupokewa kwa vicheko.)

Kileo mseto cha mwisho katika sura hiyo kinaitwa "Dawa". Jina hilo halikubuniwa na mfasiri. Ni kinywaji cha vodka, ndimu, asali na barafu kilichopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, nacho sasa hupewa watalii toka Mombasa hadi Arusha. Huenda ndicho kileo mseto pekee chenye jina la Kiswahili kinachojulikana duniani, na kwa mizaha ya baa jina hilo ni zuri sana. Katika kijitabu cha shule halifai kabisa. Milima ya Upare Kusini, hasa upande wa Mamba Miamba, ni nchi ya tangawizi, na katika nyumba nyingi za Watanzania maji moto ya tangawizi, ndimu na asali humpewa mtoto mwenye mafua na huitwa dawa kwa haki yake. Viungo viwili kati ya vinne ni vile vile. Mtoto anayesoma kijitabu ataona jina analolijua, viungo anavyovijua, na kimoja asichokijua kiitwacho vodka. Jina libaki, kwa kuwa ni jina la pekee, lakini liandikwe kwa herufi kubwa, litanguliwe na maneno "kileo mseto kiitwacho", na liondolewe katika ukurasa unaotazamana na vinywaji vya watoto.

Sasa tuingie katika vitenzi, ambako kuna utajiri ambao mfasiri hakuugusa. Katika kijitabu kizima, kurasa kwa kurasa, kuna kitenzi kimoja tu cha kutia ubaridi: "gandisha". Gandisha sharubati, gandisha saladi, gandisha maziwa, gandisha bilauri. Kuganda katika Kiswahili ni kuacha kuwa majimaji na kushikamana. Damu huganda, samli huganda, uji huganda, maziwa huganda. Baridi ni sababu mojawapo tu. Mtu wa Same anayeambiwa "gandisha maziwa lita moja" anajua la kufanya na hahitaji umeme: atayaacha katika chombo safi hadi yawe maziwa ya mgando, yaani mtindi. Fomula inayofuata inataka maziwa yaliyotiwa baridi sana bila kuchacha, yapigwe na sukari na vanila. Atakayetii ataongeza sukari na vanila katika mtindi, kisha atajiuliza kwa nini aiskrimu yake ina ukakasi.

Kiswahili kina ngazi. Kitu cha moto kikiachwa "hupoa", yaani hurudi katika hali ya hewa inayokizunguka, na anayekisaidia "hukipoza". (Tahadhari kwa wapiga chapa: "kupooza" kwa irabu mbili kuna maana ya kutisha ya hospitalini, na kijitabu hiki kinatuagiza mara mbili tupooze mayai.) Kitu kikipita hapo kikawa baridi ya kuumiza meno, wazee husema "kinazizima", maji ya mto wa mlimani alfajiri yanazizima. Kikipita hapo tena kikawa kigumu, kimeganda. Tunapendekeza basi "kupoza" kwa kushusha joto hadi hali ya hewa, "kuzizimisha" kwa kutia jokofuni bila kugandisha, yaani baina ya sifuri na nyuzi 5 hivi za Selsiasi, na "kugandisha kuwa barafu" kwa kazi ya friza, ambayo hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa maziwa ya mtindi libaki neno la wafugaji, "kugandisha", au "kuchachusha" panapotakiwa usahihi zaidi. Tunajua kwamba "kuzizimisha" litaonekana geni kwa vijana, ambao wamelipa "poa" heshima kubwa kiasi cha kuitikia salamu. Neno geni lililo letu hujifunzwa kwa siku moja.

Utofautishaji huu una matokeo ya kikemia pia. Kilevi hakigandi kwa urahisi. Pombe kali ya asilimia arobaini haigandi katika friza ya nyumbani hata ikikaa mwezi. Sukari nayo hushusha kiwango cha kuganda, ndiyo maana barafu ya sharubati tamu huwa laini kuliko barafu ya maji matupu, na sukari ikizidi mno haishiki. Chumvi hufanya vivyo hivyo kwa barafu inayozunguka chombo: zamani, kabla ya friza, aiskrimu ilitengenezwa kwa kuzungusha kopo la maziwa ndani ya ndoo ya barafu iliyochanganywa na chumvi, na njia hiyo ingali nzuri kwa mwenye barafu lakini hana friza. Mfasiri amelitafsiri zoezi hilo hivi: "tia chumvi katika barafu", bila kusema ni barafu ipi, na neno "barafu" katika masoko yetu lina maana mbili. Lina maana ya maji yaliyoganda, na lina maana ya kile kifuko cha sharubati iliyoganda ambacho watoto hununua wakitoka shule. Tumesikia kwamba jaribio lilifanyika na barafu ya ubuyu ikatiwa chumvi. Hatukushangaa.

Kwa sababu hiyo tunashauri "barafu" peke yake iwe ya maji, na kile cha watoto kiitwe daima kwa kiungo chake: barafu ya ubuyu, barafu ya ukwaju, barafu ya embe. Wauzaji wenyewe hufanya hivyo. Kilichogandishwa katika kijiti kina jina zuri la "lambalamba", ambalo limetokana na tendo lenyewe na halihitaji msaada wetu. Aiskrimu ni mgogoro wa zamani: Unguja na Pemba wana "malai", neno lililotoka Bara Hindi lenye maana ya mtandu wa maziwa, na Bara wana "aiskrimu", ambayo midomoni mwa watu ni ashikrimu, askirimu na mengine. Malai ni tamu zaidi sikioni na ni ya lahaja za nyumbani. Lakini Same haijulikani, na kijitabu cha Same hakiwezi kuwa uwanja wa kuishindania. Tunaandika aiskrimu, kwa masikitiko kidogo.

Hapa pana jambo la afya ambalo lugha imelificha. Kijitabu kinasema barafu itengenezwe kwa "maji safi". Katika mazungumzo ya kila siku maji safi ni maji yasiyo na tope. Kuganda hakuui vijidudu vyote vya maradhi ya tumbo. Vingi hulala tu, na barafu ikiyeyuka kinywani huamka. Ndiyo maana katika matangazo ya maji husemwa "safi na salama", na neno la pili halikuwekwa kwa ajili ya vina. Fomula yoyote ya barafu iseme waziwazi: maji yaliyochemshwa yakapoa.

Sura ya vyakula baridi tutaipitia kwa ufupi, ijapokuwa ina kichekesho kikubwa. Mfasiri aliona kwamba "vyakula baridi" huleta picha ya mgeni aliyepuuzwa, aliyepakuliwa wali uliopoa, akatafuta neno bora akaandika "viporo". Kiporo ni chakula cha jana. Watu wa pwani wana "mwiku" na kamusi za zamani zina "bariyo" kwa kitu hicho hicho, na kila moja ya maneno hayo ni jema asubuhi mbele ya chai. Makande ya jana yakiliwa baridi shambani Mbaga ni chakula cha heshima. Lakini hakuna mwenye nyumba atakayeandika katika kadi ya mwaliko kwamba kutakuwa na viporo. Hatuoni haja ya neno moja. "Vyakula vya kuliwa baridi" yatosha, kwa kuwa kirai hicho kinaonyesha kusudi: kachumbari, saladi ya viazi, mtindi, matunda mseto na faluda havikupoa kwa uzembe, viliandaliwa hivyo.

Kwa upande wa vyombo, "jokofu" tunaliunga mkono japo magazeti yamelizoesha mno kwa habari za vyumba vya maiti, na wako wanaolieleza kuwa ni joko la mfinyanzi lililokufa, maelezo yanayopendeza hata kama hayana ushahidi. "Friza" libaki kwa lile la kugandisha. "Mrija" halina mpinzani. Kwa mashine ya kusagia matunda watu husema "blenda", na wengi hutamka "brenda"; "mashine ya kusagia matunda" ni refu lakini linaeleweka hata kwa asiye nayo, tena linamkumbusha kuwa kinu na chujio hufanya kazi ile ile.

Chombo ambacho kijitabu hakikukitaja hata mara moja ni mtungi. Si kila nyumba ya Upare ina umeme, na mtungi wa udongo hutia maji ubaridi kwa kanuni ya kisayansi kabisa: maji hupenya katika vinyweleo vya udongo, hukauka upande wa nje, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi penye hewa kavu kama ya Same kuliko penye unyevu kama wa Tanga. Mtungi hauzizimishi kama jokofu, lakini hupoza kupita hewa, na sharubati iliyotengenezwa kwa maji ya mtungi mchana wa Februari huburudisha kwa maana ya asili ya neno hilo, maana "burudisha" na "baridi" ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu.

Ili tusionekane kukosoa tu, tumeandika upya fomula moja ya kijitabu kwa istilahi tunazozipendekeza. Tumechagua ubuyu kwa kuwa mbuyu uko mlangoni, na kwa kuwa Kiswahili hapa kimefanya kazi yake kikamilifu: mbuyu ni mti, buyu ni tunda, ubuyu ni nyama ya ndani.

Barafu ya ubuyu. Chemsha maji vikombe vinne, uyapoze hadi yawe vuguvugu. Yakiwa moto sana huharibu vitamini C, ambayo ubuyu unayo kwa wingi. Tia ubuyu vikombe viwili, uache nusu saa, kisha vuruga kwa mwiko hadi unga uachane na kokwa. Chuja. Tia sukari robo tatu ya kikombe na kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyotwangwa. Onja: utamu uzidi kidogo ule unaoutaka, kwa sababu ubaridi huupunguza ulimini. Zizimisha jokofuni saa mbili, mimina katika vikombe vidogo, na gandisha kuwa barafu usiku kucha. Ukitaka iwe ya chembechembe, itie katika sinia pana na uikwangue kwa uma kila nusu saa mpaka ishike.

Fomula ya awali ilikuwa na maneno kumi na tisa zaidi ya hii na haikuwa na neno "chemsha". Kijitabu tumekirudisha kwa aliyetuletea, pamoja na orodha ya masahihisho, na tumemwomba kwamba kabla ya nakala nyingine kurudufiwa, walau kurasa za vileo mseto na ile ya maji ya barafu zibadilishwe kwanza.